Dada Zipu na Daftari la Vipimo

Nyumbani alikuwa na chumba kizima cha kuandikia: meza, taa ya shingo ndefu, na kiti cha kuzunguka ambacho mumewe alikinunua kwa mbwembwe. Kilichokosekana ni maandishi. Akikaa tu, droo zilimwita azipange. Kitabu chake juu ya marehemu mama yake kilibakiza sura moja, mhariri alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi, na sura hiyo ilidai jibu ambalo hakuwa nalo. Mama yule, aliyemuuliza kila Jumapili, "Kazi utaanza lini?", aliwahi kumwona kuwa mwandishi hata siku moja?

Akatoka kutafuta pa kuandikia. Maktaba ilikuwa kimya mno, akalala fofofo juu ya kamusi. Mkahawani, wapenzi wa meza ya jirani walikuwa wakiachana, na maneno yao yalikuwa matamu kuliko yake. Akajikuta ameyanakili yote. Kwenye benchi la zahanati aliandika vizuri kweli, mpaka muuguzi alipomshika mkono akampeleka kupimwa presha.

Ndipo zipu ya sketi yake ilipokatika. Akaipeleka kwa fundi cherehani, mama mmoja mnene aliyezungumza na pini mdomoni. Fundi hakuuliza jina. Alifungua daftari la vipimo, akaandika "Dada Zipu", akamwonyesha kigoda. Cherehani ikavuma, ikanyamaza, ikavuma tena. Mvuke wa pasi ulipanda taratibu kwenye mwanga wa dirishani, na vumbi la chaki likaelea humo bila haraka ya kufika popote. Alipoinua kichwa, alikuwa ameandika kurasa tatu na hakukumbuka kuzianza.

Tangu hapo akawa mgonjwa wa ushonaji. Alipeleka vifungo, mifuko, mapazia. Alipeleka suruali ya mumewe ipunguzwe, na ilipopunguzwa akairudisha irefushwe.

"Mke wangu," mumewe alilalamika, vifundo vya miguu vikiwa nje, "nimekukosea nini?"

Fundi naye hakuwa mjinga. Aliona nguo hazina kasoro, lakini mteja ni mteja, na huyu hakuwa na makelele. Wakati mwingine alimtamkia vipimo vya wateja wengine amwandikie, bila hata kugeuka, naye akaviandika akiwa ndani ya usingizi ule mtamu wa kazi. Jioni akakuta kwenye mswada wake mama amesimama mlangoni, macho yamejaa machozi, nyonga arobaini na nne.

Ila sura ya mwisho haikuja. Zikiwa zimebaki siku tatu, nguo zikamwishia. Ilibaki moja tu, gauni la zambarau la mama yake, lililokaa sandukuni tangu mazishi. Akalibeba hilo hilo.

Fundi aligeuza pindo, akalitazama, kisha akatema pini zote kiganjani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Huu mshono wangu. Umelitoa wapi?"

"La mama yangu. Alifariki mwaka juzi."

"Maskini, mama wa watu! Mimi nikadhani amehama. Pole sana, mwanangu." Akavuta daftari kuukuu kutoka chini ya meza. "Yumo humu. Mtafute."

Akamtafuta. Mtaa mzima ulimwita mama yake Mama Injinia, kwa ajili ya kaka mkubwa, fahari ya ukoo. Alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa.

"Mbona hamna Mama Injinia?"

"Ndio nani huyo? Sijawahi kuwa na mteja wa jina hilo." Fundi akalowesha kidole, akafunua, akagonga karatasi. "Mama yako huyu hapa."

Mama Mwandishi. Kifua 38, kiuno 34. Gauni la zambarau.

Tarehe ilikuwa ya mwaka ule gazeti lilipoikataa hadithi yake ya kwanza, na mama akasema, "Basi, sasa tafuta kazi."

"Alijiita hivi mwenyewe?"

"Kwani ningemtungia mimi? Nikamuuliza, huyo mwandishi kaandika nini? Akaniambia, 'Bado. Wewe shona tu.'"

Alilia bila kuona haya. Alimlilia mama yake, na akamkasirikia pia, kwa kumwambia fundi jambo ambalo yeye alikuwa na njaa nalo miaka yote. Fundi alimwacha, akaendelea kukanyaga cherehani polepole. Hatimaye akashusha futi ya kupimia kutoka shingoni.

"Nilipunguze likukae wewe?"

"Lipunguze."

Fundi akafungua ukurasa mpya. "Dada Zipu, kama kawaida?"

"Hapana. Andika Mwandishi."

"Haya makubwa!" Fundi alimwangalia juu ya miwani. "Kaandika nini?"

Yeye alikuwa ameshavuta kigoda, kalamu i mkononi.

"Bado," alisema. "Wewe shona tu."