Nilipomkuta Baba Akisali

Baba yangu hakuwa mtu wa kanisa, na pale kwetu Nyambureti jambo hilo lilijulikana kama inavyojulikana kwamba fulani hasikii vizuri au fulani hali samaki. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Watu walimheshimu. Walimletea watoto wao awafundishe hesabu, walimwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, na wakishamaliza shida yao walikuwa hawaondoki bila kumuuliza: "Mwalimu, Jumapili tutakuona?"

"Mtaniona shambani mkipita," anajibu.

Walitaka pawe na sababu. Wengi walisema aliacha kusali mama alipofariki. Si kweli. Alipoacha, mama alikuwa bado hai na mzima, anaenda kanisani na shangazi kila wiki, na baba anabaki nyumbani akichambua maharage na mimi ninayejidai naumwa tumbo. Nikiwa kidato cha pili nilimuuliza kilitokea nini.

"Hakuna kilichotokea," alisema. "Siku moja nilikuwa nimefumba macho kama wengine, nikagundua hakuna anayesikiliza, nasubiri tu wamalize."

Nikamwambia hata mimi huwa nasubiri wamalize. Hakufurahi wala hakukasirika. Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa, kisha akasema, "Usimwambie mama yako. Atadhani nimekuambukiza."

Tangu siku hiyo nikawa na mwenzangu. Kwetu kila mtu ana pa kusali, na asiye na kanisa ana mizimu ya ukoo wake. Kukosa vyote viwili ni upweke usioweza hata kuulalamikia, maana utaambiwa dawa yake ni kusali. Mimi sikuuona upweke huo kwa sababu nilikuwa na baba.

Baadaye nilihamia Kerende, ng'ambo ya Mto Mara, nikafungua kibanda cha kushona. Wateja wangu wengi ni wachimbaji waliokuja kutafuta dhahabu kutoka Geita, Kahama, Singida na kwingine. Wananiletea suruali zilizochanika magotini. Mmoja wao, mtu wa Kahama, alikwishajua kwamba sisali, akawa hakosi neno kila akija.

"Dada, duarani hakuna mpagani," alisema siku moja. Duara ndiyo shimo lao la kuchimbia. "Ukishashushwa kule chini, ukasikia mawe yanaguna, utamtaja Mungu hata kama hamjawahi kutambulishana."

"Na ukipanda?"

"Ukipanda unamtaja muuza bia."

Tulicheka. Lakini alipoondoka nilikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Nilitamani ningemwambia kwamba namjua mtu mmoja ambaye hata umshushe wapi, hatamtaja.

Wiki chache baada ya hapo shangazi alipiga simu asubuhi. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na sauti yake siku zote iko juu. Siku hiyo ilikuwa chini.

"Baba yako anatapika tangu jana. Tumbo limejaa kama ngoma. Tuko naye Mugumu, hospitali. Njoo."

Nilifunga kibanda nikapanda pikipiki. Njia nzima mpaka darajani na kuendelea nilikuwa namwambia dereva aongeze mwendo, na akiongeza namwambia apunguze. Mwisho akasimama kabisa, akageuka. "Mama, chagua moja."

Nilimkuta baba wodini, mpira umeingizwa puani, dripu mkononi, ngozi ya uso imekuwa ya majivu. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, alinieleza kwamba utumbo umejisokota, na wakichelewa sehemu iliyobanwa itaoza. Wangempasua mchana ule ule.

"Ana umri mkubwa," alisema. "Tutajitahidi."

Nilijua maana ya neno hilo. Fundi akikuambia atajitahidi, hajakuahidi kitu.

Nje ya wodi shangazi alikuwa na wanawake wenzake wa kanisani na mchungaji wao, wote wamekuja kutoka Nyambureti. Niliwasalimu, shikamoo kwa kila mmoja, kisha nikarudi kusimama mlangoni. Sikupanga kusimama pale. Miguu ndiyo iliyonipeleka.

"Tupishe, mwanangu," alisema shangazi. "Mchungaji anataka kuingia."

"Baba hajamwita."

"Wewe mtoto wewe! Huu ni wakati wa ubishi huu?"

"Muulizeni mwenyewe kwanza."

Baba alisikia. Kutoka kitandani alisema, kwa sauti iliyokwaruzwa na ule mpira, "Mwacheni aingie. Ametoka mbali."

Mchungaji aliingia, akaweka mkono juu ya paji la uso wa baba, akaomba. Aliomba vizuri, bila makelele. Mimi sikufumba macho. Nilimwangalia baba, na yeye hakufumba. Alikuwa ameyakodoa darini mpaka mwisho, na mchungaji aliposema amina yeye alisema, "Asante kwa kuja." Basi. Nilifurahi. Baba yangu yuko kwenye maumivu ya kufa, na binti yake amesimama pale anafurahi kwamba ameshinda. Ndivyo nilivyokuwa, na sina namna nyingine ya kulisema.

Wakatoka. Nesi akaniambia nikatafute shuka safi na beseni kabla hawajaja kumchukua. Nilikimbia dukani, nikarudi. Shangazi alikuwa ameketi nje ameinamisha kichwa katikati ya wenzake waliokuwa wakiomba. Niliwapita, nikaingia.

Baba alikuwa amefumba macho. Midomo yake inacheza. Nilidhani anaweweseka, nikasogea. Alikuwa ananong'ona kwa Kikurya, lugha ambayo siku zake zote za ualimu aliwakataza wanafunzi kuizungumza darasani. Nilisikia akimwita Nyamhanga, Muumba, kwa jina ambalo mara ya mwisho nililisikia kwa bibi. Alikuwa anaomba aachwe. Maneno yake yalikuwa machache na aliyarudia: niache kidogo, niache kidogo.

Ningeweza kutoka. Mtu mwenye adabu angetoka.

"Tata," nilimwita. Ndivyo tunavyomwita baba kwetu. "Unaongea na nani?"

Alifumbua macho. Hakushtuka. "Nasali."

"Wewe?"

"Mimi."

"Si ulisema hakuna anayesikiliza?"

"Bado nadhani hivyo."

"Sasa?"

Maumivu yakapita, nikayaona yakipita usoni. "Naogopa, mwanangu," alisema. "Mwache mtu aogope anavyoweza."

Nesi wawili wakaingia na kitanda cha magurudumu. Nilitandika shuka jipya nikivuta pembe zake kwa nguvu kupita kiasi, na sitasema ni kwa hofu peke yake. Nilikuwa na hasira. Nilihisi ameondoka bila kuniaga, na alikuwa bado hajafika hata mlango wa chumba cha upasuaji.

Sikuweza kukaa. Nilikaa kwenye benchi, nikasimama, nikaenda bombani kunawa mikono isiyokuwa michafu, nikarudi. Nikatoka nje ya geti, nikapita sokoni, nikauliza bei ya vitu nisivyovihitaji. Nikashika njia iendayo Manchira, kwenye bwawa linaloupa mji maji, nikatembea mpaka nyumba zikaanza kuachana, ndipo nikakumbuka kwamba wakitoka naye hawatanikuta. Nilirudi nusu nakimbia. Bado hawakuwa wametoka.

Kwenye kona ya veranda palikuwa na mwanamke wa makamo ametandika khanga chini, ana chupa ya chai. Mume wake alikuwa ameangukiwa na jiwe mguuni huko machimboni, wakamleta hapa. Alinimiminia chai bila kuniuliza kama nataka.

"Ninyi mnasali wapi?" aliuliza. Ni swali la kawaida tu, kama kuulizwa umetoka wapi.

"Hatusali," nilisema. Nikasikia jinsi lile "ha-tu" lilivyokuwa si la kweli tena.

Hakushangaa. "Una nani humo ndani?"

"Baba."

"Basi ngoja niwasemee," alisema, akafumba macho pale pale, kikombe mkononi. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkumbusha jirani jambo. Alimtaja mume wake, akamtaja "mzee wa huyu dada", akanitaja na mimi, kwamba nitulie.

Nilimshukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Halafu nilijaribu. Niligeuka ukutani nikasema ndani kwa ndani, Mungu. Nikasubiri. Ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo nimeambiwa wenyewe walihama. Unapiga huku unasikiliza, na unajisikia vibaya kwa sababu majirani wanakuangalia. Sikuongeza neno. Watu husema asiyeamini akishikwa na shida anasali bila hata kujijua. Mimi nilijijua kila dakika, na nilichokuwa nacho ni hofu tupu isiyo na pa kwenda, ndiyo maana miguu ilikuwa haitulii.

Baba alipona. Walikata kipande cha utumbo, wakamshona, akakaa wodini mpaka akaanza kulalamikia uji, ndipo tukajua amerudi. Shangazi alipomuuliza kama kweli alimwita Mungu, hakukana. "Nilimwita," alisema. Habari ilifika Nyambureti kabla yake: mwalimu amempokea Mungu. Na mimi, nilipokuwa nikimwosha, nikimgeuza, nikimlisha, sikulitaja jambo lile. Tuliongea kuhusu mvua, mbuzi na bei ya mbegu. Tulikuwa na adabu kama wageni.

Alipopata nguvu wakaandaa ibada ya shukrani nyumbani kwetu, Jumamosi mchana. Nilivuka kutoka Kerende. Walichinja mbuzi, pakawa na ugali wa mtama na nyimbo, na baba aliketi mbele kwenye kiti chenye mto, amevaa koti alilostaafia, ambalo sasa lilimpwaya. Mimi nilikaa nyuma karibu na jiko, nikiinuka kila mara kuangalia moto usiohitaji kuangaliwa. Nilikuwa naogopa atakachosema, na sikujua ni lipi naliogopa zaidi.

Mchungaji akamwomba atoe ushuhuda. Baba akasimama taratibu, mkono tumboni.

"Niliogopa sana," alisema. "Nikasali. Daktari akanipasua. Nimepona. Siwezi kuwaambia ni lipi lilifanya kazi gani, maana mimi nilikuwa nimelala." Watu walicheka kidogo, wakaacha. "Ninyi mlikuja. Mlipokaa pale nje nilijua kwamba sitaki kufa. Nawashukuru. Jumapili sitawadanganya kwamba nitakuja, lakini nikija mnipe nafasi ya kukaa."

Mchungaji alifungua Biblia yake, akaifunga. Shangazi ndiye aliyeokoa hali, akaanzisha wimbo kwa ile sauti yake ya juu, na baba, ambaye nyimbo hakuwahi kuzichukia, akaimba naye.

Nilisubiri watu waondoke nimfuate baba, nimwambie jambo, sikujua lipi. Nilipoenda nilimkuta ameshalala kwenye kiti, mdomo wazi, amechoka. Nikarudi nyuma ya nyumba kumsaidia shangazi kuosha masufuria. Tulisugua kwa majivu muda mrefu. Nilijua ana neno.

"Baba yako ametuaibisha mbele ya mchungaji," alisema mwishowe.

"Alisema ukweli, shangazi."

"Ukweli." Alisugua. "Na wewe? Siku ile alipokuwa ndani, ulisali?"

Nilifikiri kumdanganya, ingekuwa rahisi. "Nilijaribu. Sikuweza."

Nilingoja anikemee. Hakunikemea. Aliinua sufuria, akalitazama kwa ndani, akalirudisha kwenye maji.

"Hata mimi sikuweza," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wenzangu walikuwa wanasema, mimi nimeinamisha kichwa tu. Midomo ilikauka. Maisha yangu yote nasali, mwanangu, nimesali kwa ajili ya watu wasionihusu, na siku ya ndugu yangu mwenyewe nilikuwa nawaza kaburi litachimbwa upande gani wa nyumba, na nani atapika." Alijifuta uso kwa mkono uliojaa majivu, akabaki na mstari mweusi shavuni. "Usiku nilipotaka kutubu, hata hilo likakataa. Kusali kumerudi baadaye, taratibu. Usimwambie mchungaji."

"Sitamwambia."

"Wala baba yako. Atacheka."

"Hatacheka," nilisema, ingawa sikuwa na hakika.

Nilitaka kumuuliza kumerudije, na kama sasa akisali anasikia tofauti. Sikuuliza. Aliniagiza maji mengine, nikaenda kuchota, na niliporudi alikuwa anaimba tena, anaosha vikombe. Kesho yake, Jumapili, niliondoka mapema kabla shangazi hajapita kwenda kanisani. Baba alinisindikiza mpaka njia panda kwa hatua fupi fupi, akisimama kupumzika, na kila aliposimama mimi niliendelea mbele kidogo, kisha nikarudi.