Naftali Akyoo Hajawahi Kutozwa Faini

Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 1954. Ukungu umefunika mlima Meru mpaka kwenye migomba, baridi inauma vidole, na mvua za vuli bado hazijaonekana.

Saa moja asubuhi, Naftali Akyoo anatambaa ndani ya mfereji mkavu. Haoni kwa macho yote mawili. Mguu wake wa kulia umepinda gotini wala haubebi uzito. Magotini amefunga vipande vya tairi alivyokatiwa na Avtar, fundi wa malori mjini Arusha. Viganja vyake vinapapasa udongo polepole, kama mtu anayetafuta sindano mkekani.

Juu ya ukingo wamesimama wanaume ishirini na sita wenye majembe. Pembeni yao, peke yake, amesimama mjane Hanna Kaaya na jembe lake. Hakuna hata mmoja aliyemwita Naftali.

"Naftali, toka humo, utaumia," anasema Mikaeli Urio, mwenyekiti wa mfereji na mzee wa kanisa. "Wewe tulikusamehe kazi hii zamani."

"Sikuomba msamaha, Mzee Mikaeli," anajibu bila kusimama. "Nilikosa nini?"

Baadhi wanacheka. Mikaeli hacheki.

Mfereji huu huchota maji mto Nduruma na kunywesha mashamba ya kaya thelathini na moja. Sheria yake ni ya tangu mababu. Pembe ikilia, kila kaya hutoa mtu wa kuchimba. Anayechimba hupata zamu yake ya maji, nusu siku kila juma. Asiyekuja hutozwa faini.

Naftali, mwenye miaka arobaini na nane, hajawahi kutozwa. Tangu arithi shamba la baba yake, miaka kumi na minne iliyopita, pembe haikulia kwa ajili yake. Wenzake walimhurumia. Badala ya zamu, walimfungulia maji yaliyobaki wengine wakishamaliza, na mara nyingine hayakubaki.

"Kila pembe ilipolia nilifunga mlango," anasema. "Niliwasikia wakipita, wanataniana. Mimi nimekaa jikoni kama mgonjwa, nami si mgonjwa. Niliona aibu mtu asije akanikuta mzima."

Si mgonjwa kweli. Ndui ilimpofusha akiwa na miaka saba. Alipofika ishirini alianguka korongoni, mguu ukaungwa vibaya. Lakini tangu mkewe Elizabeth afariki anaishi peke yake, anapika, anafua, na analima mibuni mia moja na themanini. Huipogoa mwenyewe na kuichuma mwenyewe.

"Iliyoiva ukiibonyeza inalegea kidogo. Mbichi inakataa," anaeleza. "Wenye macho wakiharakisha wanachanganya. Mimi sichanganyi."

Mwaka juzi chama cha ushirika kilipima kahawa yake ratili mia tatu na ishirini. Mwaka jana masalio ya maji yalikuwa haba, zikashuka hadi mia mbili na kumi. Mwaka huu yamekatika kabisa, na miche yake arobaini imekufa. Asipopata zamu kabla ya mwaka mpya, anasema, ataanza kung'oa mibuni.

Maji ya mfereji mzima yalianza kupungua tangu Pasaka. Mara nne pembe imelia, mara nne wamechimba, na maji hayakurudi. Ndipo watu wakaanza kutazama migomba ya Hanna, iliyo bondeni karibu na korongo. Ya wengine imekuwa ya njano, yake ni mibichi. Wakasema anaiba maji usiku. Hanna alikana mbele ya baraza. Alhamisi walichukua mbuzi wake kuwa faini.

Mbuzi huyo ndiye aliyemtoa Naftali jikoni.

Maana siku ya Pentekoste, nje ya kanisa, alikuwa amemwambia mwenyekiti kwamba akipita penye mti wa mringaringa husikia maji yakienda chini ya ardhi. Mikaeli alimjibu mbele ya watu: "Wenye macho hatujaona, utaona wewe?" Watu walicheka. Mwandishi wa habari hii hunywesha shamba lake kwa mfereji huohuo. Siku ile alikuwapo, alisikia, na alinyamaza. Mungu amsamehe.

Sasa Naftali amefika penye mringaringa. Ananyanyua kichwa.

"Fungueni maji."

"Maji?" anashangaa kijana Ephraimu. "Siku ya kuchimba tunafunga banio kule mtoni kwanza. Tutachimbaje kwenye matope?"

"Ndiyo maana hamkuyasikia. Mnafunga maji, mnatafuta yanakopotelea. Fungueni."

Wanatazamana. Ni kweli: mara zote nne mfereji ulikuwa mkavu walipoukagua. Mikaeli anaitikia kwa kichwa, na mtu anakimbilia banioni.

Maji yanafika, membamba, ya baridi. Naftali analala kifudifudi, shavu kwenye ukingo. Kisha mkono wake unaingia chini ya mzizi mpaka kwapani.

"Hapa. Shimo la fuko. Leteni maganda ya kahawa."

Wanamwaga maganda mekundu nusu debe. Yanazunguka mara moja, yanamezwa. Ephraimu anateremka korongoni mbio, na baada ya muda sauti yake inapanda kupitia ukungu:

"Yanatokea huku! Juu ya migomba ya Mama Hanna! Mekundu!"

Mikaeli anavua kofia. Wanaume wanatazama miguu yao. Naftali anaketi matopeni, anajifuta uso.

"Mna macho," anasema, "mkayatumia kutazama migomba ya mjane."

Hakuna anayecheka safari hii.

Hanna anasogea. "Mbuzi wangu mmemla?"

"Bado, mama," anajibu Mikaeli kwa sauti ndogo.

"Basi mlete wewe mwenyewe. Mchana, watu wakuone. Usimtume mtu."

"Nitamleta. Bwana atusamehe."

"Bwana atasamehe," anasema Naftali. "Mimi nataka zamu yangu."

"Utapewa, ndugu yangu. Siku nzima, bure! Hutachimba tena maisha yako yote."

Naftali anatikisa kichwa. "Bure ndiyo mliyonipa miaka kumi na minne. Niite kazini, Mzee Mikaeli. Ninataka kupanda tena ile miche arobaini vuli hii, na ninataka kuinywesha maji niliyoyachimba."

Shimo linazibwa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, Naftali akiwa wa kwanza kushindilia. Kazi inapokwisha, ukungu umeanza kupanda. Mikaeli anawaomba wote wakae kimya. Anasimama mbele ya Naftali, kofia mkononi, na kusema kwa sauti inayofika mpaka ng'ambo ya mfereji:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, ninaahidi. Pembe italia mlangoni kwa Naftali kama kwa kila mtu. Jumatano asubuhi ni zamu yake, nusu siku kamili. Na asipokuja kuchimba..."

Anasita. Naftali anageuza uso kuelekea sauti ile, anangoja.

"Asipokuja, tutamtoza faini."

"Mmesikia nyote?" anauliza Naftali.

"Tumesikia," wanajibu, na sauti ya Hanna iko katikati yao.