Sabuni kwenye Tangi la Gari la Baba

"Weye na diploma yako, hii motokari ya muzee hautaiweza!" Ndivyo majirani wa kwetu Mbunya walivyonicheka niliporudi kutoka masomoni kulifufua gari la baba. Nimeiweza, peke yangu, kuanzia breki hadi injini.

Leo nilipokwangua tangi, kibonge cha sabuni ya zamani kilinukia esanse, ile petroli ya gari, nikawa mtoto tena. Jiwe limetoboa tangi, mafuta yanamwagika barabarani, na mama yuko kiti cha nyuma, uchungu wa kuzaa umemshika.

"Tumekwisha," baba alisema.

"Sogea kwanza, papa ya batoto," mama alimwambia mumewe.

Alitoa sabuni mpya kwenye furushi la mtoto, akashuka, akapiga magoti, akaikanda na kuziba tundu kwa kidole gumba, akiguna. Mafuta yakaacha kumwagika.

Baba, ambaye hakuwahi kumfungulia mtu mlango, alimfungulia mama arudi garini. Mdogo wangu alizaliwa hospitalini.