Mwezi wa Tisa Uliosomeka wa Tatu

Zamani mfugaji alimwamini mtu, hakuamini kioo kinachowakawaka. Tangu enzi za ruksa zilipoanza miaka ya themanini, Abrahamu ndiye aliyetunza dawa katika duka la mifugo pale Tunduma, na watu wa Msangano walishuka kwenye lori wakimuulizia kwa jina. Mwaka 2006 Jenista, mwenye duka, akaleta kompyuta. Kompyuta ikaja na Nesta, binti wa Vwawa mwenye kucha nyekundu na cheti cha miezi michache.

Mashine yenyewe angeivumilia. Kilichomchoma ni Mayala, mfugaji aliyekula naye miaka yote, kuingia siku moja na kumpita kama anapita gogo.

"Yule binti wa mashine yuko wapi?"

Tangu hapo kila Nesta alipocheka na mteja, Abrahamu alihisi ameibiwa kitu.

Yeye aliandika mwezi kwa namba za Kirumi, kama makarani wa zamani walivyofundishana: 3/IX/2006. "Siku huku, mwezi kule, visigombane," alizoea kuwaambia. Alipojaribu hivyo kwenye kompyuta, ikakataa.

"Babu, hizo ni za saa ya kanisani," Nesta akacheka. "Weka namba tu."

"Na mwezi utajulikanaje?"

"Mashine inajua, mukwai," akamjibu, akimalizia kwa neno la heshima la Kibemba cha wateja wa ng'ambo ya mpaka.

Basi akaweka namba tu. Chanjo ya chambavu, mwisho wa matumizi: 3/9/2006.

Mwanzoni mwa Juni Nesta akachapa ripoti ya dawa zilizopita muda, na chanjo ile ikawa juu kabisa. Mashine ilitanguliza mwezi, siku ikafuata. Septemba tatu ikawa Machi tisa. Abrahamu aliisoma ripoti, akaenda kwenye friji, akageuza chupa. Zilikuwa nzima. Mdomo ulimwasha, akaufunga. Alitaka kosa lifichuke siku Mayala yupo, amwone binti wake wa mashine akiumbuka.

Chupa zikasogezwa rafu ya chini ndani ya friji kungoja bwana mifugo aje aziteketeze. Kesho yake alifika Bugalama, jirani yake Mayala. Ng'ombe wa upande wa pili wa mto walikuwa wameanza kuchechemea, dalili ya chambavu, akataka kuwawahi wake kwa chanjo.

"Imepita muda, baba," Nesta akamwambia. "Tumeagiza nyingine."

Bugalama akaondoka mikono mitupu. Abrahamu akaendelea kufuta meza iliyokuwa safi.

Mayala alikuja mwezi ukiishia, kabeba boksi la barafu.

"Chanjo ya chambavu bado..." Nesta akaanza.

"Ipo!" Abrahamu aliruka kitini kama kijana, akatoa chupa. "Soma, Mayala! Septemba! Mashine yao haijui siku wala mwezi. Nililiona hili tangu ripoti ilipotoka!"

Nesta akaisoma chupa, uso ukamshuka. Lakini Mayala hakumtazama Nesta.

"Tangu ripoti ilipotoka, mzee? Bugalama alikuja hapa kesho yake."

"Hakuniuliza mimi. Aliuliza mashine."

"Na wewe ukamjibu kwa kununa. Juzi tumefukia ndama wake."

Abrahamu akaanza kuifuta meza tena.

"Kosa ni langu, baba Mayala," Nesta akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemwambia aweke namba tu." Akaketi, akahangaika na mashine mpaka mwezi ukawa unachaguliwa kwa jina lake, Januari hadi Desemba. Jenista aliingia akaona, akapiga makofi.

"Jamani, huyu mtoto ana kichwa! Siku na mwezi havitagombana tena."

Maneno yaleyale. Abrahamu alingoja mtu akumbuke ni ya nani. Hakuna aliyekumbuka.

"Nihesabie na za Bugalama," Mayala akasema. Abrahamu akanyoosha mikono kupokea boksi, kama alivyolipokea miaka yote. Mayala akalipitisha juu ya mikono hiyo, akamkabidhi binti.