Mageti Kumi na Moja ya Kiirua

Mimi sikai. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa mahali, na mke wangu hajawahi kumpinga. Hata chai nainywa nikizunguka uani, kikombe mkononi. Nimewahi kutoka kanisani mahubiri yakiwa katikati kwa sababu nilikumbuka nati niliyoiacha bila kukaza. Sasa mtu wa aina hiyo akikwambia alijenga gari kwa mikono yake kwa miaka sita, ujue ni miaka sita ya kujikuna.

Gari lenyewe lilianza na baba. Kabla ya uhuru aliondoka kwetu huku juu ya Runyenjes akaenda kutafuta kazi Kiirua, kwenye shamba la ngano la Mzungu mmoja. Akawa tanboi, yaani utingo, kwenye gari la Mzungu huyo. Mzungu aliendesha, bibi yake alikaa kando yake, na baba alisimama nyuma juu ya bampa akishikilia kamba ya mizigo. Kazi yake kubwa ilikuwa mageti. Kutoka nyumba ya Mzungu mpaka barabara kuu kulikuwa na mageti kumi na moja ya kuzuia ng'ombe, na kwenye kila geti baba aliruka chini, akakimbia mbele, akafungua, gari likapita, akafunga, kisha akalifukuza alirukie tena. Maana Mzungu hakusimama. Alipunguza mwendo tu, akapaza sauti, "Geti!" na ukiachwa ni shauri yako. Vumbi hilo baba alilila miaka minane.

Tulilelewa na hadithi hiyo, mimi na ndugu yangu mdogo, na kila mara ilimalizika vilevile. "Nataka siku moja tu," baba alisema, "nikae kile kiti cha mbele, na mtu mwingine afungue geti." Sisi tulicheka. Tulidhani anatuchekesha.

Nikakua, nikawa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Katika miaka ya themanini nilipanda lori la rafiki yangu kwenda Kiirua kutafuta viazi vya mbegu. Shamba la Mzungu lilikuwa limeshanunuliwa na wakulima wa kule, likakatwa vipande. Nyuma ya ghala lao niliona gari kuukuu, la zamani kabisa, lenye taa zilizotokeza na madigadi ya mviringo. Kuku walikuwa wanatagia ndani. Sijui kwa nini nilizunguka nyuma. Pale kwenye bampa palikuwa na kipande cha tairi kilichofungwa kwa waya, kipana kama miguu miwili. Baba alikuwa ametuambia mara mia: alifunga kipande cha tairi ili asiteleze wakati wa mvua.

Haki ya Mungu, lilikuwa gari lile lile. Nikawatengenezea wakulima wale mashine yao ya kusagia mahindi iliyokuwa imelala tangu Krismasi, nao wakaniambia nichukue hiyo takataka niende nayo. Ikapandishwa kwenye lori juu ya viazi, tukapita Meru, tukapita Chuka, watu wakituonyesha kidole njia nzima. Tulipofika nyumbani baba alitoka. Alizunguka nyuma, akaweka mguu wake wa kulia juu ya kile kipande cha tairi, akauondoa.

"Litatembea?" akaniuliza.

"Mwaka mmoja, baba. Usinihesabie zaidi."

Na lingetembea mwaka mmoja, kama ningekuwa mtu mwenye akili timamu. Lakini kiwandani kulikuwa na gazeti moja la magari kutoka Amerika lililoachwa na mgeni, na humo ndani nikaona wenzetu wanavyoyafanya magari ya babu zao. Wanayakata paa yakainama. Wanatoa boneti, injini inabaki nje inang'aa. Wanatia injini kubwa kuliko gari lenyewe! Nilisoma gazeti lile mpaka likachanika. Nilitaka hilo, na nililitaka siku ileile.

Basi nikaanza. Nilichomea chesisi upya chini ya kibanda cha mabati kando ya migomba. Nikatafuta injini ya pikapu iliyoanguka karibu na Siakago, nikaifungua yote, nikaifunga, nikaifungua tena kwa sababu sikupenda sauti yake. Nikakata paa. Baba alipokuja Jumapili baada ya kanisa alisimama pale mdomo wazi.

"Ala! Umelikata kichwa?"

"Ndiyo mtindo, baba."

"Mtindo wa wapi? Na kofia yangu nitaiweka wapi?"

Jambo moja tu alilikataa kabisa: nisiguse kile kiti cha mbele cha kushoto. Nilitaka kutia viti vya basi, vyepesi. Akaniambia nikikigusa tusijuane. Kikabaki na ngozi yake ya zamani iliyopasuka, na harufu ya kuku haikutoka.

Kila Jumapili aliuliza, "Limeiva?" Nami kila Jumapili nilijibu, "Bado, baba." Bado breki. Bado rejeta. Bado nipige msasa, nipake, nipige msasa tena. Nilimwambia apande tu akae, ajaribu kiti, akakataa. "Sitakaa kwenye gari lililosimama," alisema. "Hata kuku walikaa." Mke wangu alikuwa mkali zaidi. Aliniambia, "Baba Watoto, mzee haombi urembo. Anaomba kubebwa." Nilimwambia hajui magari. Nilikuwa na majibu mengi siku hizo.

Mwaka wa nne baba aliamua kutugawia shamba akiwa hai, tusije tukashikana mashati juu ya kaburi lake. Ndugu yangu alipata upande wa chini, unaogusa barabara. Mimi nikapata upande wa juu wenye kisima, ambao ndio niliutaka. Siku ya kuweka mpaka wazee wa ukoo walikuja, na kwetu mpaka hauwekwi kwa mawe. Unapandwa yale maua ya mpaka, yenye mzizi mnene kama kitunguu kikubwa na majani marefu, ambayo hata jua likiwaka namna gani hayafi. Yakishapandwa, mbuzi anachinjwa hapohapo, na kila aliyekula nyama ile ameapa. Anayeng'oa baadaye anajitafutia laana, na hakuna mtu wa kwetu, hata awe mlokole namna gani, atakayejaribu.

Mimi siku hiyo nilikuwa chini ya gari. Gia boksi ilikuwa imekubali kuingia kwa mara ya kwanza, nami nikaogopa nikiiacha itabadilisha mawazo. Ndugu yangu akaja, akasimama karibu na miguu yangu.

"Kaka, toka uone mpaka unapopita. Wanauliza kuhusu njia."

"Pitisheni popote," nikasema.

"Toka uone kwa macho yako."

"Nimesema popote! Mna macho, pitisheni!"

Akaenda. Baadaye nilisikia harufu ya nyama, nikatoka, nikajifuta mikono kwa suruali, nikala. Nakumbuka hata niliomba ini. Sikuinua macho kuangalia maua yalipo.

Unajua yalikuwa wapi. Njia pana ya zamani, ile iliyoliingiza gari, ilikuwa imebaki upande wa ndugu yangu, na mimi nikaachiwa njia ya kupita mtu na gunia lake. Miaka miwili nilipita hapo kila asubuhi kwenda kazini na kurudi, mbio mbio kama kawaida yangu, na sikuona chochote zaidi ya njia ya miguu. Nilikuja kuona siku gari lilipoiva. Nilikuwa nimelipaka nyekundu ya kahawa iliyokomaa. Nikaliwasha, likanguruma mpaka ng'ombe wa jirani akakata kamba. Nikaliendesha kutoka kibandani hatua thelathini, nikapiga breki, na mbele yangu kulikuwa na mstari wa maua, kijani, mnene, na nyuma yake maharagwe ya ndugu yangu juu ya njia niliyoitegemea.

Nilimwendea nikiwa moto. Yeye alikuwa anapogoa kahawa yake, hakusimama.

"Nataka kupita," nikasema.

"Njia yako si ile pale?"

"Gari haliwezi kupita pale, na wewe unajua!"

"Siku ile nilikuja kukuuliza. Sikuongea na wewe, niliongea na viatu vyako," akasema. "Nenda kaviulize."

Nilitukana. Nasema ukweli, nilimtukana ndugu yangu wa tumbo moja mbele ya mke wake, na nikamwambia nitapitisha gari juu ya maua yake, tuone laana itanifanya nini. Mke wangu alinirudisha nyumbani kwa kunishika mkono kama mlevi. "Ulikula mbuzi," akaniambia njiani. "Na ini ukaomba." Hilo ndilo lililoniuma.

Miezi mitatu hatukusalimiana. Gari lilikaa uani, jekundu, tayari, na mimi nikalizunguka na kikombe changu. Kibaya zaidi, ndiyo miezi ambayo baba alianza kuisha. Miguu ilivimba. Daktari wa Embu alituambia moyo umechoka, tusimwache apande mlima. Ikawa anahitaji kushikwa hata akienda kukaa juani. Jumapili hakuuliza tena kama limeiva. Alijua limeiva, na alijua liko wapi, na yeye ndiye aliyeyapanda maua yale kwa mkono wake. Niliogopa. Nilikuwa nikilala na kuamka na hesabu moja tu kichwani: miaka sita nilimwambia bado.

Jumamosi moja asubuhi nilimwona anakuja uani peke yake, na fimbo, na koti la kanisani, na kofia. Alichukua muda mrefu kufika. Nilipokimbia kumshika alinipiga mkono kwa fimbo.

"Fungua mlango," akasema.

"Baba, hakuna pa kwenda."

"Nimekuuliza?"

Nikafungua. Akavua kofia kwa sababu ya lile paa nililolikata, akaingia, akakaa kwenye kile kiti cha kushoto, akaiweka kofia magotini. Akapapasa ngozi iliyopasuka.

"Washa. Twende."

Nikaliwasha. Nikaenda polepole zile hatua thelathini, nikasimama pua ya gari ikiwa juu ya maua. Ngurumo ilimtoa ndugu yangu kwenye kahawa. Akaja akasimama upande wake wa mpaka, jembe begani, ananitazama mimi. Baba hakumtazama yeyote. Alitazama mbele, kupitia kioo, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Geti!"

Ndugu yangu hakusogea. Nilitaka kupiga honi. Nilitaka kusema neno, kuomba, kutukana tena, chochote. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilingoja.

Kisha nikaona uso wake unabadilika, maana hadithi ile haikuwa yangu peke yangu. Alishusha jembe. Akaleta gunia, akalitandika chini, akapiga magoti, akaanza kuchimba. Hakuling'oa hata ua moja. Alilichimbua kila moja na udongo wake wote, akaliweka juu ya gunia, mpaka nafasi ya gari ikapatikana. Akasimama kando, mkono mmoja ameunyoosha, wima, hivyohivyo baba alivyotuonyesha tulipokuwa watoto.

Nikaachia klachi. Tukapita. Tukayakanyaga maharagwe yake yaliyokuwa yamechanua. Barabara ilikuwa pale mbele, na unajua mguu wangu ulivyo: ulikuwa umeshakanyaga mafuta kabla mimi sijaamua. Mkono wa baba ukanishika goti.

"Simama."

"Baba, barabara si ile pale?"

"Nimesema simama. Mtu wetu anafunga geti."

Nikasimama. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona ndugu yangu amepiga magoti, anayarudisha maua moja moja kwenye mashimo yake, anashindilia udongo, anainua kichwa kupima kama mstari umenyooka, anaondoa moja, analirudisha vizuri zaidi. Alichukua muda, Mungu wangu. Injini ilikuwa inaunguruma, mguu wangu uko juu ya klachi. Baba alikaa tu, kofia magotini. Hakugeuka hata mara moja kuona kazi imefika wapi.

Ndugu yangu alipomaliza alijifuta mikono, akaja bila kukimbia. Alipita nyuma, nikasikia gari linashuka kidogo. Alikuwa amepanda juu ya kile kipande cha tairi.

"Huko si mahali pa mtu," baba akapaza sauti. "Njoo mbele."

"Mbele kuna nafasi, baba?"

Baba akajisogeza. Kile kiti alichokingoja maisha yake yote akakigawa katikati, akapigapiga ngozi kwa kiganja. Ndugu yangu akajibana pale, udongo mikononi, akafunga mlango. Baba aliangalia kama umefungika vizuri.

"Sasa," akaniambia, "twende."