Gari Lililozidi Goti la Bi Zuwaina

Asubuhi hii mjini Rustaq, Omani, Zahir bin Musabbah anasimama katikati ya gereji akitazama seti mbili za springi zilizolazwa juu ya kipande cha zulia kuukuu. Seti moja ni nyekundu, nene, ndiyo iliyotolewa kwenye gari lake dakika chache zilizopita. Nyingine ni nyeusi, nyembamba kidogo na fupi, bado ina karatasi ya dukani. Mkononi ameshika bakora yake ya mti wa mzeituni, ile anayoishika siku za harusi na misiba.

"Abu Talal, leo umekuja na fimbo," fundi Gul Mahmad, Mbaluchi mwenye ndevu zilizoingia grisi, anamtania Zahir kwa jina la mwanawe. "Unanipiga mimi au unalipiga gari?"

Zahir hacheki. Anawatazama wanaume watatu waliokaa kwenye benchi wakinywa chai ya maziwa, wakingoja magari yao. Ana neno la kusema mbele yao, nalo ni neno ambalo wanaume wa kwao hawalisemi mbele ya wageni. Saa chache zijazo, hospitali ya mji huu itamruhusu mwanamke mmoja mzee arudi nyumbani, na mwanamke huyo ameapa hataingia tena katika gari la Zahir.

Zahir ana miaka arobaini na tisa. Kijiji chake, Hail Sidr, kiko mlimani, na njia ya kufika huko si barabara bali ni wadi, bonde la mawe ambalo mvua ikinyesha linageuka mto na mvua ikikatika linabaki na mawe mapya. Kwa miaka mingi yeye na Landkruza lake ndio mguu wa kijiji. Ndilo analokwenda nalo sokoni, msikitini na kwenye harusi, kwa sababu hana gari jingine. Ndilo linalopandisha mitungi ya gesi na chakula cha mbuzi, na ndilo linaloteremsha makomamanga na wagonjwa.

Mwaka juzi mafuriko yalishusha majabali mpaka katikati ya njia. Gari likawa linakwangua tumbo kila safari. Binamu yake, Hilal, mwenye pikapu refu la kuchezea mchangani, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Zahir, hilo gari linatambaa kama kenge," alimwambia mbele ya watu. "Liinue bwana, au lifungie ngozi tumboni."

Ndipo Zahir alipokuja kwa Gul Mahmad mara ya kwanza. Alilipa zaidi ya riali mia tatu, mapato yake ya karibu miezi miwili, na alitaka kitu cha maana. Fundi alimwonyesha njia mbili: kuinua gari kidogo kwa springi laini, au kuliinua inchi nne kwa springi ngumu za kubebea mizigo. Kabla ya kushika spana alimuuliza swali moja.

"Siku nyingi unabeba nini?"

"Mizigo," Zahir alijibu.

"Na wanaopanda ni nani?"

"Watu tu."

Gul Mahmad akafunga springi nyekundu. Hakuuliza zaidi, maana naye ni mtu wa hukuhuku na anajua heshima. Mwanamume akisema "watu tu" kwa sauti ile, maana yake ndani ya gari wanapanda wanawake, na habari zao hazizungumzwi gereji.

"Kosa langu lilianzia hapo," anasema Zahir leo. "Nilitaja magunia yote, sikumtaja hata mama mmoja. Niliona haya kumwambia fundi kwamba abiria wangu mkubwa ni kikongwe mwenye goti bovu."

Abiria huyo ni Bi Zuwaina bint Salim, mjane, jirani yake ukuta kwa ukuta. Figo zake zimeshindwa kazi. Kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano Zahir anamteremsha mjini kusafishwa damu, pamoja na Shamsa, binti wa mama huyo, na jioni anawapandisha. Bi Zuwaina ndiye aliyemlea Zahir mama yake alipofariki, lakini hakumnyonyesha, kwa hiyo kwa sheria ya dini Zahir ni mwanamume wa kando. Hawezi kumshika mkono.

Gari liliporudi kijijini likiwa refu, watu walitoka kulitazama. Hilal alilizunguka mara mbili akasema sasa hilo ni gari la wanaume. Bi Zuwaina alilitazama akiwa mlangoni pake, akatoa hongera, "Mabruk," akaingia ndani.

Vikanyagio vya pembeni vilikuwa vimeondolewa ili visigonge mawe. Kwa hiyo Shamsa alitoa sanduku la mbao la tende, akaliweka chini, na mama yake akawa anapanda juu yake, kisha Shamsa anamsukuma kwa bega. Ikawa hivyo wiki hadi wiki. Zahir anakiri kwamba alikuwa akiona na haoni. Akili yake ilikuwa kwenye wadi, ambako gari sasa lilivuka majabali kwa raha. Likiwa tupu lilirusharusha mno, springi zile zikingojea magunia ambayo hayakuwapo, na njiani kurudi Bi Zuwaina alikuwa akijishika mbavu kwa mkono usiochomwa sindano. Hakulalamika.

Asubuhi moja, wanaume wakitoka msikiti ulio mkabala na nyumba yake baada ya swala ya alfajiri, sanduku lile lilipinduka. Bi Zuwaina alianguka chali mbele ya mlango wa gari, nguo zake zikapanda mpaka magotini. Wanaume wote waligeukia ukuta wa msikiti kwa pamoja. Zahir alikuwa hatua mbili kutoka kwake, mikono imening'inia, hajui aipeleke wapi. Shamsa alimwinua mama yake peke yake, akihema.

"Sijaumia," alisema Bi Zuwaina.

Safari iliyofuata hakutoka. Shamsa alisema mama amechoka. Safari ya pili vilevile. Zahir alikwenda kumjulia hali kama desturi, akakaribishwa kahawa na tende, akangoja vikombe vizunguke, ndipo akauliza habari.

"Hakuna ila kheri," alijibu Bi Zuwaina akiwa nyuma ya pazia. "Na za kwako?"

"Hakuna ila kheri, mama."

Huko kwao jibu la kwanza huwa ni hilo hata kama nyumba inaungua. Habari yenyewe huja baadaye, mtu akikaa sana. Zahir hakukaa sana. Alikuwa na mitungi ya gesi ndani ya gari, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaaga akiwa ameridhika kabisa. Hili linamuuma kuliko yote.

Safari ya tatu ilipopita, Bi Zuwaina alikuwa amevimba uso na miguu, pumzi hazitoshi. Ilibidi azungushiwe blanketi, wanawake wakalikunja vizuri, halafu Zahir na Hilal wakashika pembe zake na kumpandisha. Gari lilikuwa refu, wakalazimika kumrusha kidogo ili afike kwenye kiti. Alikuwa hajapoteza fahamu.

"Mmenipandisha kama gunia," alisema.



Madaktari walimuokoa, wakamlaza. Walisema wazi kwamba akiziruka tena safari zake hawataahidi chochote. Mwanawe wa kiume, anayefanya kazi Maskati, alisema basi mama ahamie kwake, kwenye fleti ya ghorofa ya tano. Bi Zuwaina alijibu kwamba fleti haina mbuzi wala mahali pa kumwaga maji ya kunawia, na kwamba yeye atafia nyumbani kwake. Imamu wa kijiji aliletewa suala la kumpandisha garini, akasema dharura inaruhusu dereva kumshika mkono.

"Mwambieni imamu apande yeye kwanza, akiwa amevaa gauni," alisema mgonjwa kitandani, na wauguzi wakacheka mpaka wakajifunika midomo.

Ni Shamsa aliyemfungulia Zahir habari nzima, kwenye ujia wa hospitali, bila kumtazama usoni.

"Mama hakuogopa sindano, kaka Zahir. Wala safari haikumchosha. Aliapa haliingii tena gari lako; kuliko kuanguka tena mbele ya msikiti, bora akae kwake afe na nguo zake mwilini."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambiaje? Akwambie mguu wangu haupandi? Wewe ungemwambia fundi?"

Zahir alirudi kijijini akilia, na hasemi hilo kwa kuzungukazunguka. "Nililia kama mtoto. Yule ndiye mama niliyebaki naye, nami nimelijenga gari la kumfukuza."

Jana jioni alisimama mbele ya nyumba ya Bi Zuwaina iliyokuwa tupu. Mlango una kizingiti cha jiwe, na Bi Zuwaina hukivuka kutwa nzima, akitoka kwa mbuzi, akiingia jikoni, bila kushikwa na mtu. Zahir alisimamisha bakora yake pale chini, akachukua kisu, akaichanja usawa wa kizingiti. Ni bakora ya babu yake, na haikuwahi kuguswa na kisu.

Hiyo ndiyo fimbo anayoishika sasa hapa gereji. Anaishusha mbele ya Gul Mahmad, anaonyesha alama.

"Ni kwa ajili ya mama mmoja," anasema, na sauti inasikika hadi kwenye benchi. "Mzee. Goti lake haliinuki kupita hapa. Nilipaswa kukwambia siku ile."

Gul Mahmad anajifuta mikono kwa kitambaa, polepole.

"Goti gani?" anauliza mmoja wa wale watatu, mzee mwenye kilemba cha buluu.

"La kulia," anajibu Zahir.

"Basi weka mshikio upande wa kushoto wa mlango, auvute kwa mkono wa kushoto. Marehemu mke wangu alikuwa hivyohivyo. Sikuwahi kumwambia fundi yeyote, nikawa namwacha nyumbani."

Kuanzia hapo maneno yanafunguka. Gul Mahmad anapiga magoti chini ya gari na kumwita Zahir aingie naye. Anagonga difu, ile tufe ya chuma katikati ya ekseli.

"Tazama. Springi zinainua bodi. Difu iko palepale, inapandishwa na tairi peke yake. Inchi nne zile zilikupa tumbo la kuvuka jabali moja moja na sifa nyingi. Hizi nyeusi zinakupa inchi moja na nusu, na hazipigi mbavu gari likiwa tupu."

"Na magunia?"

"Nakuwekea mapira ya hewa ndani ya springi za nyuma. Siku ya magunia unayajaza kwa pampu, siku ya mama unayapunguza. Gari unalichagulia siku zako nyingi, Abu Talal. Siku nzito moja unaitafutia njia."

"Kikanyagio je?"

"Cha kukunja. Akishapanda unakirudisha juu, mawe hayakioni. Kwenye gari refu kingening'inia chini sana na kubembea, na mzee akikanyaga kitu kinachobembea hakiamini tena. Sasa kitakaa kwenye alama yako. Kutoka hapo hadi ndani ni kizingiti kingine cha namna hiyohiyo. Anavuka viwili, ameingia."

Springi nyekundu hazirudishwi dukani. Gul Mahmad anazinunua kwa bei ndogo, na Zahir habishi bei. Kilichobaki ni wadi. Gari likishapunguzwa kimo, kuna majabali ambayo halitayavuka tena, na Zahir anajua kila moja lilipo. Nyuma ya gari ameshatia mtaimbo na nyundo kubwa. Amemwambia Hilal kwamba Ijumaa hii baada ya swala wanaume wote wa kijiji watashuka bondeni kuyaondoa, na kwamba yeye Hilal atakuwa wa kwanza. Hilal alikubali bila utani.

Alasiri, gari linasimama mbele ya hospitali. Bi Zuwaina anatoka akitembea kwa miguu yake, Shamsa pembeni. Analizunguka Landkruza kama anayetaka kununua mbuzi. Anakitazama kikanyagio, anakigonga kwa ncha ya ndala.

Zahir anakwenda upande wa pili na kugeukia ukuta. Siku ile wanaume waligeuka kwa aibu iliyokwisha kutokea. Leo anageuka mapema, ili isitokee. Anasikia kikohozi, anasikia bangili zikigusa mshikio. Halafu mlango unafungwa kwa kishindo.

"Zahir! Unangoja ukuta ukujibu?"

Anageuka. Bi Zuwaina amekaa kitini, shela imekaa sawa, anatazama mbele. Shamsa bado yuko chini, amefunika uso kwa viganja.

Njia nzima mama haulizwi habari, naye haulizi. Wanapoingia wadini, gari linafika kwenye jabali la kwanza, lile la chini ya mti wa mkunazi. Zahir anasimamisha gari. Anateremka na mtaimbo, anautia chini ya jiwe, anasukuma kwa kifua mpaka linajiviringisha pembeni. Anarudi kwenye usukani akiwa amelowa, kanzu imeingia matope.

"Ni lile tu?" anauliza Bi Zuwaina.

"Yako mengi, mama."

Bi Zuwaina anafunga vizuri kitambaa kwenye mkono wa sindano.

"Basi Jumatano tutoke mapema."