Vipande Saba vya Neno la Bruda

Nichekeni tu, nimeshazoea! Wanaotutawala ni Wadachi wa Ujerumani, lakini Bruda fundi seremala wa misheni yetu hapa Matombo ni Mpolandi. Baba yake kule kwao ametimiza miaka tisini, na katika lugha yao “mwenye umri wa miaka tisini” ni neno moja, refu kama mkungu wa ndizi! Mimi, mwalimu wa kwaya, nikamtambia Bruda kwamba nimelimeza lote. Kumbe nilikuwa nimelikata: jie, vyench, jie, shen, cho, let, nyi. Kipande cha kwanza changu, vingine nikawagawia waimbaji sita, tulitamke kwa kufuata mstari.

Jumapili baada ya misa tukajipanga mbele ya Bruda! Mzee Mkude, mwenye kipande cha mwisho, akasimama nyuma. Vijana wakaruka: “Shikamoo mzee! Usikae nyuma yetu, pita mbele!” Akapita. Wengine nao wakapishana kwa umri.

“Nyi! Cho! Vyench!”

Bruda akacheka mpaka machozi. “Mwalimu, basi litamke wewe peke yako.”

Nikajaza kifua.

“Jie!” Nikamgeukia Mzee Mkude. “Halafu anafuata nani?”